Teksi ya Solfrid na ukoo usioisha

Saa moja kasorobo asubuhi. Mvua inapiga kwa ubavu na feri imeshafungua mlango wake wa mbele. Magari yote yameingia isipokuwa moja, teksi nyeupe ya Solfrid Hauknes, iliyotulia kwenye foleni injini ikiwa imezimwa, kana kwamba haina safari.

Ndani hakuna aliyelala. Solfrid, dereva mwenye miaka hamsini na minane, ameshika usukani kwa mikono miwili. Nyuma yake Gunnvor Mælan, mwalimu mstaafu, ameinua kidole kimoja juu kama alivyozoea kuinua darasani. Kwenye spika, msomaji anasimulia jinsi mjane wa Gråvika anavyopanda ngazi kwenda kumwambia mkwewe kwamba gati la familia limeuzwa.

Mfanyakazi wa feri anagonga kioo. "Solfrid! Unaingia au tukuache?"

"Nusu dakika, Odd-Arne. Ndiyo kwanza anafungua mlango!"

"Nani?"

"Mjane!"

"Mjane wako aingie na gari, bwana. Mimi nina ratiba."

Kidole cha mwalimu kinashuka. Ngazi imekwisha, siri imetoka. Solfrid anawasha gari na kuingia feri, wa mwisho.

Miaka miwili iliyopita Gunnvor asingekubali kuonekana karibu na mjane huyo.

Solfrid ana mwaka wa kumi na moja akiwabeba wagonjwa wa figo wa visiwa vya Helgeland, kaskazini mwa Norwe, kuwapeleka hospitali ya mjini kusafishwa damu. Ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, iwe mvua, iwe barafu. Safari huchukua saa moja na nusu pamoja na feri, kisha abiria wake hukaa kwenye mashine saa nne, kisha hurudi. Nauli inalipwa na serikali. Akishatoa mafuta na matengenezo, anasema, kinachobaki ni pungufu ya mshahara wa muuza duka, jambo ambalo mumewe, Jostein, hachoki kumkumbusha.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kuendesha," anasema. "Kuendesha ni rahisi. Kazi ni ule ukimya. Watu wametazamana miaka, habari zimewaisha, na mbele bado kuna barabara ndefu."

Aliyeuvunja ukimya huo ni mmoja wa abiria wake, Torleif Aspnes, fundi mstaafu wa mitambo ya feri, mtu mnene mwepesi wa kucheka. Alikuja na simu yake na mfululizo wa vitabu vya kusikiliza uitwao *Ukoo wa Gråvika*, riwaya thelathini na moja za familia moja ya wafanyabiashara wa pwani, kizazi baada ya kizazi. Solfrid, ambaye tangu amalize shule alikuwa hajafungua kitabu zaidi ya kile cha mapishi, alinasa siku ya kwanza.

Kisha Gunnvor naye akaanza kuumwa figo, akapewa kiti cha nyuma. Alivumilia safari mbili. Ya tatu akasema.

"Torleif, hiki kitabu kinaisha lini?"

"Hiki? Kesho kutwa. Halafu kuna kingine."

"Na hicho kingine?"

"Halafu kingine, Mwalimu. Ndiyo raha yenyewe."

"Hiyo si raha, ni supu inayoongezwa maji. Kitabu kizuri kinajua pa kuishia."

Torleif akageuka mwili mzima kitini. "Na hivyo vyako vya kimojakimoja? Nimeshawajua watu, nimeshajua nani anapenda kahawa chungu, mara ukurasa wa mwisho, kwaheri. Ni kama kufiwa kila wiki!"

"Ndiyo maana unavikumbuka."

"Mimi sitaki kuvikumbuka. Nataka kuvirudia."

Walibishana hivyo mpaka Solfrid akatishia kuweka hotuba za bungeni. Mwishowe alitoa hukumu: kwenda, mfululizo wa Torleif, kurudi, riwaya ya Gunnvor, moja iliyo kamili, mwanzo na mwisho wake.

Hukumu ilikuwa ya haki mpaka ilipoanza kutumika. Mtu aliyetoka kwenye mashine huwa kama nguo iliyokamuliwa. Kabla feri haijaondoka, Torleif anakoroma na Gunnvor ameegemeza kichwa kwenye kioo. Riwaya za mwalimu zikawa zinasikilizwa na dereva peke yake.

"Umenipa upande wa usingizi," Gunnvor alilalamika.

Ndipo Solfrid akajikuta na kazi ya pili. Kila asubuhi, kabla ya Gråvika, Gunnvor alimwambia, "Haya, nieleze nilikolala," naye akaeleza. Alieleza vizuri. Torleif alianza kumwomba arudie sehemu za ugomvi, kwa sauti zote.

Riwaya moja ilimshinda. Ilikuwa ya fundi saa, mwanamke aliyemsubiri kaka yake arudi kutoka Amerika maisha yake yote. Kaka anafika siku moja baada ya dada kuzikwa. Solfrid aliisikia akiwa barabarani, huku nyuma Gunnvor amelala, kijivu usoni, baada ya siku ambayo mashine ilimsumbua sana.

Keshokutwa yake Gunnvor aliuliza, "Kaka alifika?"

"Alifika," Solfrid akajibu. "Wakanywa kahawa."

Wiki iliyofuata Gunnvor alikwenda maktaba, akausoma mwisho ule mwenyewe.

Safari iliyofuata Torleif alishuka garini kwenda kantini ya feri, kununua ile chapati nene ya sukari na jibini ya kahawia aliyokatazwa na daktari. Gunnvor alisubiri mlango ufungwe.

"Kahawa, Solfrid? Kahawa gani?"

Solfrid anasema masikio yalimwaka moto. "Nilidhani… ulikuwa umechoka sana siku ile."

"Nilikuwa nimechoka. Sikuwa mtoto."

Kisha mwalimu akamwambia jambo ambalo kwenye gari lile halikuwahi kutajwa. Torleif alikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri figo. Yeye Gunnvor hakuwamo. Moyo wake usingeuhimili upasuaji, na madaktari walishamweleza waziwazi.

"Vitabu thelathini na kimoja, Solfrid. Mimi naanza kitu ninachoweza kukimaliza, na nikikimaliza nataka mwisho wake wenyewe, si wa kwako. Usinipunguzie."

"Sitakupunguzia tena."

"Haya. Funga dirisha, nahisi baridi."

Torleif akarudi na sukari kwenye ndevu, akiuliza kwa nini watu wamenuna.

Simu ya Torleif ililia Machi, Jumatano, wakiwa wameshashuka kwenye feri. Ilikuwa hospitali ya Oslo. Figo imepatikana, ndege inaondoka baada ya muda mfupi. Uwanja wa ndege ulikuwa upande mmoja, hospitali upande mwingine, na mashine ya Gunnvor ilikuwa imeshapangiwa saa yake. Solfrid alipunguza mwendo, akamtazama Gunnvor kwenye kioo.

"Unatazama nini?" Gunnvor akasema. "Mashine yangu haiendi popote. Ndege inaondoka. Geuza gari!"

Uwanjani, Torleif alishindwa kufungua mkanda. Gunnvor ndiye aliyeufungua, akamsukuma begani. Mzee alipofika mlangoni aligeuka, akapaza sauti watu wote wakasikia.

"Tuko kitabu cha kumi na tisa! Msithubutu kuendelea bila mimi!"

"Nenda zako!" Gunnvor akamjibu. "Nani anautaka ukoo wako?"

Baada ya hapo gari lilikuwa la mwalimu, kwenda na kurudi. Riwaya zilifuatana, nyembamba na nzuri. Solfrid alizieleza kama zilivyo, pamoja na mazishi yote. Torleif alipiga simu kutoka wodini kusema figo inafanya kazi, na kwamba amekojoa kama farasi. Gunnvor alicheka mpaka akashika kifua.

Asubuhi moja ya Aprili riwaya iliisha kabla ya kufika gatini. Ukimya ukarudi.

"Weka ule," Gunnvor akasema.

"Upi?"

"Usijifanye hujui. Ule ukoo."

"Lakini Torleif alisema…"

"Torleif ana figo. Mimi nina hamu."

Solfrid hakuwasha mara moja. Alimuuliza, kwa uangalifu, kama si yeye aliyesema anataka vitu anavyoweza kuvimaliza. Gunnvor alitazama nje, ambako theluji ilikuwa bado imelala kwenye mitaro.

"Nimemaliza vingi mno msimu huu," alisema. "Kila nikimaliza kimoja natoka kama mtu aliyeagwa ugenini, niko barabarani na mzigo wangu. Sasa nataka nyumba ya kurudi Ijumaa. Nisipofika mwisho, basi nitakuwa nimeondoka wenyewe wakiwa bado wamekaa mezani. Si vibaya."

Solfrid anakiri kwamba alisimamisha gari kituo cha basi kilichofuata, akisingizia kurekebisha waipa za kioo.

Torleif amerudi kisiwani, mwepesi, mwekundu mashavuni. Mfululizo wake hausikilizi tena nyumbani. "Nasikiliza sura moja, nageuka nimwambie mtu, namkuta paka," anasema. Siku hizi anasoma riwaya anazoazimwa na Gunnvor, na anazisifu kwa shingo upande. Mara moja kwa mwezi, siku ya kwenda kupimwa, anarudi kwenye kiti chake cha mbele. Yaliyotokea tangu kitabu cha kumi na tisa hasimuliwi. Gunnvor amekataza.

Mkataba wa Solfrid unaisha mwakani. Kampuni kubwa kutoka kusini inasemekana itaingia kwenye zabuni, na Jostein angependa mke wake apumzike. Yeye ameamua kuomba tena. Anataka pia gari jipya, lenye kiti cha nyuma kinacholala kabisa, ili Gunnvor asiwe anaamka na shingo iliyokakamaa.

"Tuko kitabu cha ishirini na sita," anasema. "Siwezi kumwachia mtu mwingine usukani hapo katikati."

Ijumaa hii Torleif yumo, na ana habari. Ameisoma gazetini, na ameibeba tangu nyumbani kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Mwandishi wa *Ukoo wa Gråvika* ametangaza kwamba anaandika vitabu vingine vitatu.

"Vitakuwa thelathini na vinne, Mwalimu!"

Solfrid anapunguza sauti ya spika. Anamtazama Gunnvor kwenye kioo, na Torleif, akiona hivyo, anaonekana kujutia ulimi wake. Barabara inapinda, bahari inatoweka nyuma ya mlima na kutokea tena.

"Huyo mwandishi ana miaka mingapi?" Gunnvor anauliza.

"Arobaini na kitu, nadhani."

"Ni mzima?"

"Pichani anaonekana mzima."

"Basi mwandikie barua," anasema Gunnvor. "Mwambie aharakishe."