Koti, Sweta na Viatu vya Watu

Walisema sitafika. Kule kwetu Bahati maneno hayo yalisemwa dukani, kwenye foleni ya maji na hata nje ya kanisa, na waliosema hawakunong'ona. Wengine walisema nitafika lakini nitarudishwa na ndege ileile. Wengine walikubali kwamba nitakaa, ila shule itanishinda, maana hata mtihani wa fom foo nilipita kwa kusukumwa. Jirani mmoja mwenye posho mill ya kusaga mahindi alisema nikimsikia kwamba nikipigwa na baridi ya wazungu wiki moja nitamlilia mama yangu.

Basi ijulikane kwamba nilifika. Nilikaa miaka sita, karo nikajilipia kwa kuosha sufuria za hoteli, na leo diploma yangu ya mitambo ya majokofu imetundikwa kwenye ukuta wa karakana yangu hapa Nakuru, ndani ya kioo. Mashamba ya maua yakiharibikiwa na chumba cha baridi, mimi ndiye ninayepigiwa simu. Yule wa posho mill siku hizi ananiita injinia, na mimi huitika.

Lakini walisema jambo moja zaidi, na hilo lilinichukua muda mrefu kulijibu. Walisema sitarudisha vitu vya watu.

Nilipopata nafasi ya kwenda Uingereza, nauli ilikuwepo na viza ilikuwepo, ila nguo za baridi hazikuwepo, na nilikuwa nitue mwezi wa Januari. Mama alizunguka siku mbili akaniletea vitu vitatu. Koti lilitoka kwa kaka yake, mjomba wangu wa Kuresoi, ambaye alilinunua ujanani kwa mwenye shamba mmoja aliyekuwa akihama Molo. Lilikuwa la sufu nzito, vifungo vya pembe, na alikuwa amekamua ng'ombe na kulinda viazi ndani yake zaidi ya miaka thelathini. Viatu vilitoka kwa jirani yetu, hedimasta mstaafu. Vyeusi, vya ngozi, soli imeshonwa kwa uzi, na alikuwa ameshaibadilisha mara tatu. Sweta ilitoka kwa mama mmoja mjane, mwanachama wa kikundi cha akina mama wanaosokota manyoya ya kondoo. Aliifuma mwenyewe.

Mama alivipanga kitandani akaniambia, "Hivi umeazima, hujapewa. Ukirudi, navyo vinarudi."

Nilivaa vitu hivyo msimu wote wa kwanza wa baridi na sikuumwa hata mafua. Sitasema vilinisaidia kidogo. Lakini nilikuwa kijana, na wenzangu darasani walivaa jaketi nyepesi zilizofura kama mkate, kila mtu rangi yake. Nilipoanza kupata mshahara wa wikendi nilienda kwenye duka moja la ghorofa nne nikatoka na jaketi, raba na sweta mbili, na bei yote haikufika ya kiatu kimoja cha ngozi. Nilipiga picha nikatuma nyumbani. Kisha nikaona kabati imejaa. Koti la mjomba lilichukua nafasi ya nguo nne, na lilikuwa bado linanuka moshi wa Kuresoi. Nililitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na sweta na viatu, nikavuka barabara na kuvitumbukiza kwenye sanduku la chuma la nguo za kutupwa. Nilihisi wepesi. Nakumbuka hata nilipiga mluzi.

Zipu ya jaketi ilikufa msimu uliofuata. Raba zilipasuka. Nikanunua nyingine, nazo zikafa, nikanunua nyingine. Sikuona ajabu. Vilikuwa rahisi, na pesa ilikuwa yangu.

Niliporudi, nilirudi kama mtu. Wazazi waliandaa maombi ya shukrani, watu wakajaa uwanjani, na mbele yao wote niliwaita wenye vitu. Nilisema vile vya zamani vilichakaa, nikawapa vipya, na lebo zikining'inia. Watu walipiga makofi. Mjomba alilipokea koti, akalipindua ndani nje, akasugua kitambaa kwa kidole gumba, akaangalia mshono kwa muda kama anayesoma barua. Halafu akasema asante.

Mvua ya masika haikuisha kabla ya vitu vile kuisha. Bitana ya koti ilikuwa imegundishwa, haikushonwa, na ilipolowa iliachana na kitambaa ikashuka mikononi kama ngozi ya nyoka. Viatu vya hedimasta vilifungua midomo Jumapili moja alipokuwa akienda mbele kusoma neno, na alisoma huku soli moja ikimfuata nyuma. Sweta ya mama mjane ilitoa vipele, kisha ikatanuka shingo hadi akaifanya ya kupangusia meza. Haya yote niliyapata kwa Mama. Wenyewe hawakulalamika hata siku moja. Nilipowatembelea walinipa chai na kuniuliza habari za kazi.

Nilimwambia Mama kwamba angalau nililipa. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa. "Ulipeana zawadi," alisema. "Deni bado iko."

Ningeweza kuyapuuza, lakini nilienda Kuresoi mwezi wa Mei nikamkuta mjomba akikamua ndani ya ukungu, amevaa jaketi mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, na gunia mabegani. Alikuwa na kikohozi kisichotoka. Alikohoa, ng'ombe akasogea, naye akamsubiri atulie ili aendelee. Nilimwambia nitamletea koti kabla ya baridi ya Julai. Niliahidi kama ninavyowaahidi wateja wangu, nikijua nitafanya.

Sikuweza. Nataka nilieleze hilo vizuri, kwa sababu si kawaida yangu. Nilianza na maduka makubwa ya mjini, yale ya bei ya juu. Muuzaji aliniletea koti la bei ya ndama, nikalipindua kama mjomba alivyofanya, nikaona gundi ileile. Nikaenda lingine, kisha lingine. Lebo zilibadilika, bei zilipanda, gundi ilikuwa gundi. Mimi nina chombo cha kunusa gesi inayovuja kwenye bomba nene kama mkono, lakini mbele ya kitambaa nilisimama kama kipofu.

Nikaenda mtumba. Mama mmoja anayefungua mabelo, yale marobota ya makoti, alinionea huruma akanifundisha kuchomoa uzi na kuuchoma kwa kiberiti: sufu inanuka nywele zilizoungua, plastiki inayeyuka na kuwa kijishanga. Nilichoma nyuzi asubuhi nzima na nikapata vijishanga tupu. Nilimuuliza makoti mazito ya zamani yalienda wapi.

"Hizo zilikuwa zinakuja zamani, boss," alisema. "Siku hizi huko majuu wananunua ya picha moja, wanatupa. Inafika hapa ikiwa imekufa, na mimi belo nimenunua bei ya koti mzima." Akaniangalia vizuri. "Kwani uliyokuwa nayo ilienda wapi?"

Nilisema lilichakaa. Akacheka, akaniambia nipitie hapo mara kwa mara, labda litashuka na belo.

Karibu na stendi kuna fundi mzee Mhindi ambaye babake na babu yake walishona suti za mji huu. Nilimchorea lile koti kwenye karatasi. Alilijua kabla sijamaliza. Alinionyesha kwa kalamu mahali ambapo mfuko wa ndani hukaa. Nikamwambia ataje bei yake. Akatikisa kichwa.

"Mkono iko," alisema. "Kitambaa hakuna, kijana yangu. Ile nilikuwa napata, kiwanda ilifunga. Ile inaletwa sasa, nikishona, wewe utarudi kunitukana."

Julai ilifika, ikapita. Mjomba alilazwa wiki mbili kwa ugonjwa wa mapafu. Nililipa hospitali yote, sikuruhusu mtu achangie, na nilipoketi kando ya kitanda chake hakutaja koti. Aliniuliza kama ng'ombe wanakamuliwa mapema.

Fundi alikuwa amesema neno moja nilipokuwa natoka: kwamba kitambaa cha namna ile, kama bado kipo, kiko mikononi mwa akina mama wa kusokota. Nilijua maana yake. Nilizunguka na neno hilo wiki tatu kabla sijabisha kwa mama mjane.

Kikundi chao hufanya kazi kwenye banda la mabati nyuma ya kanisa. Walikuwa saba siku hiyo, miguu kwenye pedali, magurudumu yakizunguka. Nilieleza ninachotaka: kitambaa cha koti moja, kizito, na nitalipa mara mbili. Mama mjane hakuacha kusokota.

"Kondoo wananyolewa mwezi wa kumi," alisema. "Halafu kuosha, kuchana, kusokota, kufuma. Hata ulipe mara kumi, kondoo hana haraka." Kisha akasimamisha gurudumu. "Na ile sweta yangu ilienda wapi?"

Nilianza kusema ilichakaa.

"Miaka sita?" alisema. "Ile nilisokota nyuzi mbili mbili. Baba watoto aliivaa kumi na tano, na siku tunamzika ilikuwa haijatoka hata uzi. Sema mahali ilienda."

Sikujua ilikuwa ya marehemu. Mama hakuniambia, au aliniambia nikiwa nafikiria ndege. Magurudumu mengine yalisimama moja moja. Nikasema. Nilisema sanduku la chuma, ng'ambo ya barabara, na kwamba niliitumbukiza bado ikiwa nzima, pamoja na koti na viatu. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alimtaja Mungu polepole, "Ngai," na akarudi kwenye kazi yake.

Mama mjane aliunga uzi uliokatika kwenye gurudumu lake. Halafu akasema sweta ile siwezi kuilipa kwa kitu chochote, kwa hiyo tusidanganyane. Ila kikundi kina mashine ya kuchana manyoya ambayo mota yake imekufa, na kuna maji ya kubeba siku za kuosha. Nije kila Jumamosi mpaka yeye aseme basi.

Mota niliitengeneza kwa saa moja. Nilifikiri hapo ndipo mwisho. Kondoo waliponyolewa, nilibeba maji miezi mitano. Mimi, mwenye diploma, mwenye wafanyakazi wawili, niliosha manyoya yenye mavi hadi mikono yangu ikawa laini kwa mafuta ya kondoo, na hakuna niliyeweza kumwambia afanye haraka. Uzi ulikatika, ukaungwa. Mvua ilinyesha wiki mbili, manyoya hayakukauka. Wakati huohuo fundi wa viatu karibu na reli alikuwa akishona jozi ya hedimasta kwa mkono, kati ya kazi zake nyingine, na yeye pia hakuwa na haraka. Kitambaa kilipofumwa hatimaye, nilikipeleka kwa fundi Mhindi akishone.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Aprili. Nilipomimina ndoo ya mwisho, mama mjane alisema, "Basi." Akarudi kwenye gurudumu lake. Nilipita kwa hedimasta na viatu vyake; alikunja soli, akasikia ikikataa, akavivaa papo hapo na kunipa mkono kama anavyompa mwanafunzi aliyefuzu. Kisha nikachukua koti kwa fundi Mhindi na kuendesha hadi Kuresoi.

Mjomba alikuwa uani. Alilipindua ndani nje. Alivuta bitana kwa nguvu mara mbili, na haikwenda popote. Alipolivaa, nikaona. Nilimpa fundi vipimo vya mtu niliyemkumbuka, na yule aliyesimama mbele yangu alikuwa mdogo zaidi. Mabega ya koti yalipita ya kwake. Mikono yake ilizama hadi vidole.

Nilisema nitalirudisha lipunguzwe. Akakataa. Alikunja mikono ya koti mara moja, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akakohoa.

"Hii itaishi kunipita mimi," alisema. "Hiyo siku ikifika, uje uichukue. Na usiitupe." Akachukua ndoo. "Sasa hatudaiani."

Akaingia zizini. Nilibaki uani na funguo za gari mkononi, bila deni la mtu yeyote, nikisikiliza maziwa yakipiga ndoo na yeye akikohoa katikati.