Kitanda cha Mama Mkwe

Nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka nyinyi, maana mpaka leo nikienda kisimani hapa Kiongoroni kuna wanaonipa pole ya msiba, na msiba wenyewe haukuwapo.

Mume wangu Salumu alikuwa amechoka kukata mikoko, kaka yake katuwekea shamba Umwe, ila kuhama hatuwezi mpaka nyumba iuzwe. Akapatikana mwenye duka wa Kibiti, anayetaka pa kuwekea boriti anazowauzia Waingereza. Salumu akaenda kumchukua kwa mtumbwi, mimi nikabaki kuipendezesha nyumba.

Sasa nyumba ilinuka samaki (ya nani huku hainuki?). Mama mkwe nikampeleka jikoni uani apumzike, akalala fofofo. Kitanda chake nikakitoa nje, nikakiosha, nikakiegemeza ukutani miguu juu, barazani nikatandika mikeka niliyoazima msikitini, kisha nikafukiza ubani nyumba nzima. Haya niambieni, kwetu mtu akiona kitanda kimeoshwa, mikeka nje na ubani unafuka, atauliza nini tena?

Nilikuwa ndani napangusa masizi, nikasikia kilio. Jirani yangu Bi Mwanahawa kajitupa mlangoni: "Bibi wa watu katutoka, na jana tu kaniomba tambuu."

Nikamwambia hajafa. Akanikumbatia, akawaambia wenzake nimechanganyikiwa, nishikwe. Kila nilipokana walinishika zaidi, na wanaume walishafuata majembe.

Ndipo Salumu akafika na mgeni. Kuona umati akaangua kilio, hata hakuniuliza, na mgeni akavua viatu, akasoma fatiha, akasema penye msiba yeye hazungumzi bei.

Kelele zikamwamsha mama mkwe. Akatokea uani anajikongoja: "Kafa nani?"

Watu wakatimka, mgeni mbele, viatu kaviacha, na hakurudi kuvifuata.

Nikadhani hasara imeishia hapo. Majirani waliporudi, mama mkwe akaketi mkekani, ana furaha kuliko siku ya Idi, anataka kujua nani alilia na nani alijikausha. Kisha akamgeukia Salumu: "Mwanangu, watu wamenililia hivi, niwaache niende Umwe? Kule nani ananijua? Mie sihami."

Hakuhama, na sisi hatukuhama. Nimeapa siwashi ubani tena mpaka niwazungukie majirani wote kuwaambia mama mkwe ni mzima, na yeye hunisisitiza nianze kwa Bi Mwanahawa, maana ndiye aliyelia vizuri.