Bibi Alipomtunza Baba Ukumbini

Mwaka ule chumba chetu cha mtaa wa Karama kilijaa sauti moja tu: fidla ya baba, ikitafuta sauti iliyojificha kati ya sauti mbili. Mchana baba alikuwa fundi wa magari kule Ras Al Khor, na katika harusi za Wazanzibari wa Dubai alipiga taarabu, wanawake wakicheza hadi kwake kumtunza pesa. Sasa okestra moja ya mjini ilimwita ajaribiwe katika onyesho la muziki wa Mjerumani mmoja, mtunzi wa siku hizi, ambaye muziki wake hauimbiki. Akipiga vizuri katika onyesho lile atapewa kiti cha kudumu, akiharibu, khalas. Mimi, binti wa miaka tisa, niliuchukia muziki ule. Jirani yetu Mkenya alibisha hodi kuuliza kama tuna mgonjwa. Lakini baba alikuwa na raha zake, maana sauti zile za katikati, zilizowatoa jasho wenzake, yeye alizizoea zamani katika taarabu.

Siku ya onyesho nilikwenda na bibi, mama yake baba, buibui lake limefukizwa udi. Katika muziki ule Mjerumani alimpa kila mpiga fidla zamu ya kubaki peke yake, na ilipofika ya baba okestra nzima ikanyamaza. Fidla yake ikapanda polepole, nyembamba, inauma moyo. Hapo bibi akasimama. Nilimvuta buibui.

“Bibi, kaa! Huku hawatunzi!”

“Mwanangu anapiga, mie nisimtunze?” akajibu, wala hakushusha sauti.

Akaenda kwa madaha, mkono juu, akiyumba kidogo kama yuko harusini, akapanda jukwaani na kumchomekea baba dirhamu mfukoni mwa koti. Nililia kwa aibu, nikijua kiti kimekwenda. Baba hakukosea hata mara moja. Aliinamisha kichwa kushukuru, akaendelea kupiga. Baadaye kiongozi wa okestra, mama mmoja mkali, alimwambia kwamba mtu asiyetetereka mama yake akimpandia jukwaani hatatetereka kwa lolote. Kiti akapewa.

Bibi hatunaye tena, na baba amestaafu. Siku hizi mimi huenda ukumbini peke yangu, nakaa kimya kama wengine, na muziki ule naupenda kweli. Juzi nilimuuliza baba, katika miaka yote ile ya makofi, ni yapi anayoyakumbuka.

“Makofi yalikuwa ya Mjerumani,” akasema. “Tunzo ya mama ilikuwa yangu.”