Majani Yanayochemsha Laptopu

Laptopu ile niliinunua mkononi kwa mtu. Ni ya kuchezea magemu, nene na nzito kama tofali, lakini mimi nilitaka kuhariria video za harusi. Magemu siyawezi na sikuwahi kuyatamani. Aliyeniuzia hakufuta vitu vyake, na katika vilivyobaki kulikuwa na gemu moja la ufugaji: unapewa shamba, unanunua ng'ombe, unawapeleka malishoni. Siku moja nikamfungulia baba, kwa utani tu, nimwone akishangaa.

Hakushangaa. Alivuta kiti.

Maisha yake yote baba alichunga ng'ombe wenye pembe ndefu kwenye nyika ya huku kwetu Isingiro, mpaka goti likagoma. Ng'ombe wakauzwa wote kwa kuwa hakukuwa na wa kuwafuata. Tangu walipoondoka hakuvuka tena lango la ua. Alikuwa anakaa barazani akiipa nyika mgongo, anaitikia shikamoo yangu, na baada ya hapo ni kimya hadi jioni. Nilikuwa nimerudi nyumbani kumwangalia, na ukimya ule ulinitisha kuliko goti.

Sasa akaanza kuongea. Kwanza yalikuwa malalamiko matupu. Ng'ombe gani hawa hawana pembe? Mbona wote rangi moja, bihogo yuko wapi, yule wa kahawia iliyokolea ambaye hakosekani kwenye kundi la maana? Lakini majani aliyapenda. Yalikuwa marefu, yanalala na kuinuka upepo ukipita, na baba aliweza kukaa anayatazama tu huku ng'ombe wamezama hadi tumboni. "Hapa mvua imenyesha," alikuwa akisema, kama mtu aliyechungulia dirishani.

Shida ni kwamba laptopu ilikuwa inachemka. Haukupita muda feni inaanza kunguruma, ng'ombe wanatembea kwa kurukaruka, halafu kioo kinakuwa cheusi. Mara ya kwanza baba aliniuliza, "Wamekufa?" Alikuwa anaulizia ng'ombe. Nilipomwambia imezima kwa joto, akarudi barazani kwake na hatukuongea tena siku hiyo. Hapo ndipo nilipojua kwamba chipu ya ndani ya laptopu ikiungua, itaondoka na mazungumzo yetu yote.

Mimi kitu kikinishinda sipati usingizi. Niliweka programu ndogo inayoonyesha joto la chipu ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye kioo, nikawa nampeleleza baba anapocheza. Ng'ombe wakiwa zizini, joto limetulia. Wakitoka kwenda malishoni, linapanda kama maziwa jikoni. Video zangu za harusi, zenye watu wote wale na mapambo yote yale, haziichoshi hivyo. Kwa nini malisho?

Nikaifungua. Feni ilikuwa imezibwa na utando mzito kama blanketi: vumbi jekundu la barabara yetu, na ndani yake vipande vya nyasi kavu. Nilicheka peke yangu. Sebule ya baba bado inatandikwa nyasi sakafuni kama alivyokuwa akifanya mama yake, na mimi, msomi wa familia, nilikuwa naiweka laptopu papo hapo chini. Nikasafisha. Nikakwangua ile krimu ya kijivu inayokaa kati ya chipu na chuma cha kupoozea, ilikuwa imekauka na kupasuka, nikapaka mpya niliyoinunua kwa fundi mjini Kayanga. Baba alinitazama nikipaka, akauliza kwa nini nisitumie samli. Kwake samli inatibu kila kitu, kuanzia nywele hadi bawaba za mlango.

Ikapata nafuu, lakini haikupona. Ng'ombe wakifika penye majani mengi, feni inalia tena. Nikaingia kwenye mipangilio ya gemu, nikagusa hiki na kile, hadi nikagusa majani. Niliyapunguza yakawa mafupi na ya hapa na pale. Feni ikanyamaza. Nilifurahi sana, na sikumwambia mtu.

Baba alikaa, akatazama, akasogeza uso karibu na kioo.

"Nani kalisha hapa?"

"Hakuna mtu, tata," nilisema, kama tunavyomwita baba kwa lugha yetu.

"Jana yalifika tumboni. Leo naona kwato. Kuna mtu kaingiza kundi lake."

Alikuwa amekasirika kweli. Kwa watu waliofuga, kulishiwa malisho yako bila kuulizwa si jambo la kuchekewa, na mimi nilianza kucheka nikaacha. Ikabidi nimweleze. Nilimwambia laptopu haina picha ya majani iliyohifadhiwa mahali, inayachora yenyewe, inafuta, inachora upya, mara nyingi hata kabla hujapepesa macho, na kazi hiyo ndiyo inayoichemsha.

"Inachora kila jani?"

"Kila jani."

"Hata ambalo hakuna ng'ombe atakayelifikia?"

"Ukilitazama, inalichora. Ukigeukia upande mwingine, inaliacha."

Akamgeuza mchungaji wake wa kwenye gemu, akamrudisha, akamgeuza tena. Alitaka kuyakamata majani kabla hayajachorwa. Nikajikuta na mimi nimeinama, natafuta. Hatukuyakamata.

"Kwa hiyo yapo kwa sababu nayatazama," alisema.

Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu chipu wiki hizo, na jambo hilo sikuwa nimelifikiria hivyo.

Kisha akatoa uamuzi. Majani mafupi wakati wa mvua ni aibu, lakini sasa ni kiangazi, kila mtu ataelewa. Yabaki hivyo. Mvua ikirudi, niyarudishe.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilimuuliza kama niyarefushe. "Bado," alisema. "Yanachipua tu." Sikuuliza amejuaje. Niliona tu kwamba kiti chake barazani kimegeuzwa, sasa kinatazama nyika. Kila nilipouliza ikawa ni bado, bado, na ng'ombe wake wa kwenye kioo wakaendelea kulamba ardhi.

Asubuhi moja nilitoka na chai, nikakuta kiti kitupu. Lango la ua lilikuwa wazi. Nilidhani ameanguka, nikakimbia na kikombe mkononi. Nilimkuta anarudi polepole na fimbo yake, suruali imelowa umande hadi magotini, mkononi ameshika jani moja refu. Nilitaka kumgombeza. Aliniambia nikawashe laptopu.

Alikaa, akalisimamisha lile jani mbele ya kioo, ubavuni mwa ng'ombe.

"Yafikie hapa," alisema. "Nimeenda kuangalia."

Niliyapandisha hadi pale alipoonyesha. Feni ikaanza kunguruma, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mipangilio, niyapunguze kidogo tu. Baba akaushika.

"Iache ihangaike," alisema. "Ng'ombe wanakula."