Neno la Chanja

Neno nililotumwa na wanawake wenzangu lilikuwa fupi, na hadi leo linanikereketa kooni. Tunalima mwani huku Msambweni. Zamani masharti ya kuuza yalitoka Ulaya. Siku hizi yanatoka pia kwa mataifa ya Asia yaliyoinuka juzijuzi tu, na ndiyo wanunuzi wetu wakubwa. Sharti lao jipya lilisema mwani uanikwe juu ya chanja za miti, usiguse mchanga. Miti tuliyo nayo karibu ni mikoko, na kukata mikoko ni marufuku. Masika yale mavuno yetu yote yalikataliwa.

Basi ukaja mkutano katika hoteli moja ya Diani, wa nchi zinazoinukia kiuchumi, hao wanunuzi wetu wakiwemo, zikidai sauti kwenye meza zinakoamuliwa biashara na mikopo ya dunia. Sisi wa mwani tulipewa msemaji mmoja na dakika tatu. Nikachaguliwa mimi, kwa kuwa nimesoma kidogo. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, alinirudisha mlangoni mara mbili anikumbushe: wanapoandika masharti, watuulize na sisi tunaoanika.

Asubuhi, kiongozi wa kikao alilalamika kwa uchungu. Alisema mataifa makubwa ya zamani huwaita wao vikaoni wapigwe picha tu, mambo yakiwa yameshaamuliwa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nilijiambia, hawa ni wenzetu.

Zamu yangu ikafika. Nami nimelelewa pwani, siingii kwa watu nikaanza na shida. Nikatoa salamu, nikamshukuru Mungu, nikawaomba radhi walionizidi umri, nikawapa pole ya safari, nikawafikishia salamu za kikundi chetu na za wagonjwa wasioweza kuja. Mkalimani akinifuata polepole, sentensi kwa sentensi. Nilipovuta pumzi ili niseme neno lenyewe, kengele ikalia.

Nikamwambia kiongozi kwamba bado sijasema. Akatabasamu, akausifu ukarimu wa watu wa pwani, akamwita anayefuata. Baadaye tukapigwa picha. Mimi niliwekwa mbele kabisa, kwa sababu leso yangu ilikuwa na rangi nzuri.

Nilikasirika, na hasira yenyewe sikujua nimtupie nani. Yule bwana aliyajua machungu ya kunyamazishwa, alikuwa ameyaeleza asubuhi ileile kwa kinywa chake. Na mimi, mjinga wa adabu, nilizitumia dakika za watu kuulizia hali za wasioniuliza yangu.

Niliporudi Msambweni nilimkuta mwenyekiti ufukweni, ameinamia mwani uliotandazwa mchangani kama kawaida.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Umelisema neno letu?”

“Nimewasalimu.”

Nilidhani atanigombeza, na ningependa anigombeze.

“Wameitikia?”

“Wameitikia vizuri sana,” nikasema. Kisha nikainama tuanue pamoja, maana mvua ilikuwa imeshaanza kudondoka.