Nilimuuliza Mara Nne, Mara Nne Akasema "Wangu"

Kijana wa futi sita na inchi saba alikaa mbele yangu akanidanganya mara nne mfululizo, bila hata kupepesa macho.

Na kila alipodanganya, mimi nilifurahi.

Naitwa Doyle. Miaka kumi na sita nilikuwa msaka vipaji wa klabu moja ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana. Kazi yangu ilikuwa kupima vijana wa vyuo kabla ya siku ya uteuzi, klabu zinapochagua wachezaji wapya, niseme huyu anafaa, huyu arudi shamba.

Machi ile nilitumwa chuo kimoja kule Iowa kumpima Garrett Vander Ploeg, mlinzi wa kushoto kabisa. Huyo ndiye anayemkinga mrushaji mpira upande ule asiouona. Akizembea, mwenzake anavunjwa mbavu.

Nisiwafiche, sikumtaka tangu anaingia mlangoni.

Nilimpima mikono mbele ya wenzake. "Inchi thelathini na tatu tu! Mikono mifupi hivi ni ya kukamulia mbuzi."

"Kwetu tunafuga nguruwe, bosi," akajibu.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikazidi kumchukia.

Nikamwingiza ofisi ya kocha, tukabaki wawili, nikawasha runinga. Nilikuwa na vipande vinne vya video, mara nne ambazo mrushaji wake aliangushwa msimu ule. Vyote vilifanana. Maadui wawili wanapishana ghafla, wa nje anachomokea ndani, wa ndani anatokea nje. Hapo Garrett na mlinzi wa kando yake, namba 66, walipaswa kubadilishana watu haraka. Kila mara mmoja wao alichelewa.

"Huyu aliyepenya alikuwa mtu wa nani?"

"Wangu."

Kipande cha pili. "Na huyu?"

"Wangu."

Cha tatu. "Huyu je?"

"Wangu."

"Hivi wewe una akili, au mama yako alikulisha pumba za nguruwe?"

Shingo yake ikawa nyekundu.

Kwa walinzi, kumtaja mwenzako mbele ya mgeni ni mwiko. Nimeicheza nafasi hiyo, naujua mwiko huo vizuri. Ndiyo maana nilimbana hapo hapo, nikijua hatauvunja.

Kipande cha nne nikakisimamisha. "Sikia, dogo. Kama kosa ni la 66, sema sasa hivi. Ukimficha naandika kwamba hujui kazi, na hakuna klabu itakayokugusa."

Akaiacha runinga, akanigeukia.

"Bosi, kweli wewe unataka nimtaje?"

Swali lile lilinikera. "Jibu!"

"Wangu."

Nikaandika: *Hajui kazi yake. Asichukuliwe.* Haikunitosha. Nikawapigia simu wasaka vipaji wenzangu wa klabu nyingine, nikawamwagia sumu hiyo hiyo.

Aprili ikafika. Raundi saba za uteuzi, majina zaidi ya mia mbili na hamsini yakasomwa. La Garrett halikusomwa.

Jumapili iliyofuata nilikuwa mezani kwa dada yangu Noreen, nyama ya nguruwe na viazi vya kuponda. Mwanawe Travis hakugusa sahani.

"Mjomba, eti Garrett hajui kazi. Mjinga gani kaandika hivyo?"

"Kula, Travis."

"Yale makosa manne yalikuwa yangu! Bega langu lilikuwa bovu, nikawa nachelewa. Garrett alijua, akanisitiri."

Ndiyo. Namba 66 ni mpwa wangu. Anatumia jina la baba yake, kwa hiyo ofisini hakuna aliyejua. Klabu jirani ilikuwa imemwahidi majaribio, na mimi ndiye niliyemwombea. Lawama ilibidi imwangukie mmoja wao.

"Najua," nikasema.

Noreen akaweka uma chini.

"Unajua tangu lini?" Travis akauliza.

"Tangu hatua yako ya kwanza kwenye video."

Akasimama. "Na Garrett alikujua wewe, Mjomba. Picha yako iko kwenye kabati langu pale chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa anaiona kila siku."

Nikalikumbuka lile swali lake, kama kweli mimi, mjomba mtu, nilitaka amtaje. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu asubuhi Travis alipiga simu mwenyewe, akasema kila kitu. Kwanza klabu yangu, kisha ile ya majaribio. Mimi nilifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Yeye majaribio yakafutwa.

Garrett alipata nafasi bila kuteuliwa, kwenye klabu ambayo sikuwahi kuipigia simu. Huu ni mwaka wake wa tatu anaanza kila mechi, kwa mikono ile ile ya mbuzi. Mimi nauza matairi ya trekta, na Travis hanisemeshi.

Ndugu zangu, ukipewa kupima watu na mmoja ni damu yako, sema mapema ujitoe. Usijidanganye kwamba utatenda haki. Mimi nilikuwa fundi wa kazi ile, na jicho langu liliona sawasawa. Mkono ndio ulioandika uongo.

Noreen aliniuliza siku ile mezani, kosa ni la nani. Niliinuka nikaondoka bila kumjibu.

Dada, kama unasoma hapa: langu.