Miche Iliyorudishwa Getini

Mdogo wangu hakuwahi kujua kunyamaza akiona uchafu. Tulipokuwa tukikaa kwenye nyumba za reli pale Kisumu, alikuwa akiwafokea watu wazima waliomwaga taka mferejini, na mimi ndiye niliyepita mlango kwa mlango kuomba radhi. Baba na mama walipotutoka, nikamlea kwa cherehani yangu soko la Kibuye. Kwa hiyo alipopata nafasi katika chuo cha ualimu, huko ufukweni upande wa Asembo Bay, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilimpa neno moja tu: "Nenda ukasome. Ya watu waachie watu."

Wapi! Hata mwaka haukuisha, wenzake wakamchagua mwenyekiti wa kikundi cha wanafunzi cha kujitolea.

Habari zake zililetwa sokoni na wachuuzi wa samaki. Mara wanafunzi wamechimba choo cha zahanati. Mara wanafua mashuka ya wagonjwa. Mara wavulana wa chuo, vijana wenye ndevu, wamebeba mitungi kichwani kuwapelekea maji wajane, na kina mama wametoka barabarani kucheka mpaka mbavu zinauma. "Huyo dada yako ni mkali!" waliniambia. Nilikuwa nikikunja uso kama niliyechukizwa, kisha nikakata kitambaa cha mteja vibaya kwa furaha.

Lakini kilichomkosesha usingizi kilikuwa chemchemi. Ilikuwa nyuma ya chuo, ndani ya shamba la mzee mmoja wa kijijini, na chuo na kijiji wote waliteka hapo. Miti iliyoizunguka ilikuwa imekatwa ikaisha, kuni za kukaushia samaki, na ng'ombe waliingia wakavuruga maji. Kila kiangazi palibaki tope. Wanawake wakarudia maji ya ziwa, watoto wakapata kichocho. Aliniambia waziwazi kwamba chemchemi ile ikifa, atajiona amesoma bure.

Wakaotesha miche ya mikuyu na mivule kwenye makopo. Mvua zilipoanza, wakafunga kamba, wakaipanda kuzunguka chemchemi kwa mistari iliyonyooka kama gwaride la polisi.

Asubuhi iliyofuata miche yote ilikuwa getini mwa chuo. Imeng'olewa, imelazwa kwa utaratibu, mizizi imeelekezwa ndani.

Mkuu wa chuo aliwaka. Akasema chifu aitwe, wahalifu wakamatwe, na kikundi kivunjwe kabla hakijaleta balaa lingine. Mdogo wangu akamwomba ampe nafasi hadi Jumatatu, akapanda basi kuja kwangu.

"Dada, wamekataa maji yao wenyewe!" alilia, amesimama katikati ya vitambaa vyangu.

"Mlipanda na kamba?"

"Ndiyo. Laini zote straight kabisa."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka hadi majirani wakaja kuchungulia. Huyu alikuwa mtoto wa mjini. Alizaliwa kwenye nyumba za reli, ambako ua ni wa serikali. Mimi nilikulia kwa bibi kijijini kabla ya kuletwa mjini, na najua kwamba ukipanda miti kwa mstari kwenye shamba la mtu umemwambia, mwisho wako ni hapa. Tena wakati ule wapima ardhi walikuwa wamepita karibuni, na ndugu wa tumbo moja walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mstari wa minyaa ya mpakani.

"Na nani alianza kupanda?"

"Si mimi? Mimi ndiye chairman."

Nikajipiga kipaji cha uso. Kwetu mvua zikija, mke mkubwa ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini, wengine wakafuata kwa ukubwa wao. Mdogo akitangulia, anaitafutia nyumba nzima mkosi. Na huyu mwenyekiti wangu alikuwa amewatangulia wazee wote, tena shambani kwao!

Nilifunika cherehani nikaenda naye, maana mdomo wake nilikuwa naujua. Nikajiandaa kusema kwa niaba yake, kama zamani.

Sikupata hata nafasi. Mke mkubwa wa yule mzee alitupokea uani akiwa amesimama. "Ni sisi tuling'oa," alisema. "Chuo inataka kukula shamba yetu?"

Mdogo wangu aliketi chini, kwenye udongo. "Dani, nilikosea," alisema, akimwita nyanya kama tuitavyo kwetu. "Nilipanda kama mtu ako na shamba. Mimi sina. Tunaomba nyinyi ndio mpande. Sisi tutachimba mashimo tu."

"Na hiyo miti ikikua, itakuwa ya nani?"

"Ya maji, Dani."

Mama yule alimtazama sana. Kisha akawaita wake wenzake.

Basi akapanda yeye kwanza, wake wenza wakafuata, kisha majirani, kila mmoja alipopenda, ovyo ovyo, bila kamba. Wanafunzi walikuwa wa mwisho. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho kabisa, kwenye kona ya kinyesi cha ng'ombe. Wakazungushia boma la miiba, na hakuna mkono uliogusa mche tena. Kiangazi kilipokuja maji hayakuwa mengi, lakini yalikuwa maji.

Siku alipomaliza masomo, chuo kilimtunuku mbele ya wageni. Mkuu yuleyule alisema mcheza kwao hutunzwa, akaisimulia chemchemi kana kwamba aliiota yeye. Sikujali. Nilikuwa nimeketi nyuma na wanawake wa kijijini, nimevaa gauni nililojishonea, na nilijivuna hadi vifungo vikanibana.

Heshima yake ilikuwa kupanda mti mbele ya ofisi. Alikabidhiwa jembe jipya lenye utepe. Akalitazama shimo, akasimama.

Kisha akageuka. Akampita mkuu, akawapita wageni, akaja moja kwa moja nyuma. Nilidhani anamfuata Dani, nikasogea kumpisha. Dani akanisukuma mgongoni.

"Mkubwa huanza," mdogo wangu alisema, akininyooshea jembe. "Na nyumbani kwetu mkubwa ni wewe."

Nilipanda huku nalia, watu wote wakisubiri, nikaukanyaga udongo kwa viatu vyangu vya Jumapili. Kisha nikampa jembe, naye akafuata.